Gauni Linaloficha Tumbo

Kila asubuhi, kabla sijamfuta vumbi Bibie, yaani lile sanamu letu la dirishani lenye gauni na lisilo na kichwa, huwa naangalia duka la Mama liko ukurasa wa ngapi.

Watu wengine huamka wakajitazama kwenye kioo. Mimi hushika simu, nikaandika "magauni ya harusi ya kukodi", kisha nikateremka na kidole. Kwa miezi minane jibu lilikuwa lilelile: ukurasa wa nne, chini kabisa, mahali ambapo hafiki mtu ila aliyesinzia kidole kikiwa kwenye simu. Lakini wiki tatu hizi tumekuwa wa kwanza. Wa kwanza kabisa, juu ya maduka yenye kiyoyozi. Kwa hiyo siku hizi sitafuti, najifurahisha tu.

Jumatatu hii nilikuwa nimefika kwenye "magauni ya ha" wakati mlango uliposukumwa, kengele yake ikadondoka sakafuni, na sauti iliyonifundisha kuandika insha ikauliza:

"Nani hapa amesema binti yangu ana mimba?"

Kabla sijamjibu, niwafupishie waliotukosa wiki zilizopita. Mwalimu atasubiri. Ni mwanamke mvumilivu sana, hasa akiwa na hasira.

Nilisoma chuo miaka mitatu kujifunza jinsi biashara inavyopatikana mtandaoni: uandike maneno gani ili anayetafuta gundi aione gundi yako kabla ya gundi ya jirani. Nikaajiriwa na kampuni iliyoahidi wateja wake kwamba wataonekana na dunia nzima. Hali ya uchumi ilipobana, wateja wakaanza kupunguza matumizi, na kitu cha kwanza walichopunguza kilikuwa sisi. Siku moja tulifika kazini tukakuta ofisi imekuwa ghala la matairi.

Mwezi huohuo mchumba wangu naye alipunguza matumizi. Mimi nilikuwa mojawapo.

Nikarudi kwa Mama. Mtaa mzima unamwita Mama Shela. Ana duka la kukodisha magauni ya harusi, mwaka wa ishirini na mbili sasa, na wakati huu mgumu umempiga mahali pabaya. Watu hawajaacha kuoana, wameacha kufanya harusi. Wanakwenda kwa karani wa ndoa mchana, wanatia saini, wanapiga picha moja getini, wanarudi kazini. Maduka ya magauni mtaani kwetu yalikuwa manne. Moja sasa linauza mayai. La pili linauza makasha ya mayai.

"Msimu huu ukiisha hivi," Mama aliniambia, "narudisha funguo za duka."

Alisema hivyo huku akikunja shela, kwa sauti ya mtu anayesema leo kuna mawingu. Mimi nilikwenda chumba cha kujaribia nguo nikalia nikiwa nimesimama, kwa sababu mle hakuna kiti.

Ndipo nilipojitolea kuliinua duka mtandaoni. Mama alikubali kwa sharti moja: neno "rahisi" lisionekane popote.

"Lakini Mama, watu wanaandika 'bei rahisi'."

"Waandike. Sisi si rahisi."

"Sisemi sisi. Nasema gauni."

"Gauni ni mimi."

Basi ukurasa wetu ukasomeka hivi: Vazi adhimu kwa binti mwenye heshima zake. Maneno mazuri. Nilimwonyesha takwimu: idadi ya watu waliowahi kuyatafuta maneno hayo ilikuwa mtu mmoja, na mtu huyo ni yeye, akijaribu kama simu inafanya kazi.

Wiki iliyopita niliwasimulia jinsi nilivyokwenda kutazama watu wanaandika nini hasa. Kuna mahali unaweza kuona, si majina yao, maneno yao tu. Nilitegemea "gauni zuri", "gauni refu", "gauni jeupe". Nikakuta "gauni la harusi la kuficha tumbo la miezi minne". Nikakuta "gauni pana la harusi mama asijue". Nikakuta moja lililoandikwa bila hata kutaja gauni: "nifanyeje harusi ni mwezi ujao na zipu haifungi".

Kile kisanduku cha kutafutia ni kitu cha ajabu. Mtu anayemficha mama yake, dada yake na kiongozi wake wa dini, anakiambia chenyewe kila kitu, tena kwa haraka, bila hata salamu.

Moyo wangu ukalegea, kama kawaida yake. Nikaandika ukurasa mmoja pembeni, kimyakimya, kwa ajili yao. Mama sikumwambia. Mimi huwa nasema mambo baada ya kuulizwa mara tatu, na Mama hakuniuliza hata mara moja.

Siku kumi baadaye tukawa wa kwanza. Mabibi harusi wakaanza kuingia, mmoja leo, wawili keshokutwa. Mama alifurahi kuliko nilivyomwona tangu mwaka juzi. Aliamua sababu ni Bibie, kwa kuwa wiki hiyohiyo alimgeuza atazame barabarani.

"Biashara ni macho, mwanangu," akanifundisha. "Hayo mambo yako ya mtandao ni ya watu wa ofisini."

"Ndiyo, Mama."

"Na hali si mbaya kama wanavyosema redioni. Umewaona mabibi harusi wa siku hizi? Wanakula vizuri."

"Ndiyo, Mama."

Kisha akaja Mwalimu. Yeye hakutoka mtandaoni, anakaa nyumba ya nne kutoka dukani. Amefundisha nusu ya mtaa na kuiadhibu nusu nyingine. Binti yake anaolewa Jumamosi hii, harusi ya ukumbi, watu mia nne, kama zamani. Alichukua gauni la bibi harusi na magauni ya wapambe sita. Magauni saba kwa mkupuo, na kila mgeni wa ukumbini angeuliza yametoka wapi. Siku ile Mama alisema, "Hapo sasa funguo sirudishi." Hiyo ndiyo ilikuwa furaha yetu hadi Jumatatu asubuhi.

Sasa turudi mlangoni.

"Shikamoo, Mwalimu," nilisema, maana hofu yangu ina adabu.

"Marahaba. Mama yako yuko wapi?"

Nyuma yake alisimama binti yake, amebeba mfuko wa gauni kwa mikono miwili kama anayebeba mgonjwa. Ni msichana mrefu, anafanya kazi maabara ya hospitali, hupima damu za watu kutwa. Hakunitazama.

Mama akatokea nyuma ya pazia akiwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja.

"Mwalimu, karibu. Kiuno kimekaaje?"

"Kiuno ndicho kilichonileta."

"Kinabana?"

"Kinasemwa."

Mama akanitazama mimi. Nikalitazama zulia.

"Jana mchana," Mwalimu akaanza, "shangazi yake bwana harusi alikuwa na wifi zake. Wakataka kuona gauni linakotoka. Wakafungua simu, duka lako likawajia. Unajua walichokutana nacho?"

"Picha ya Bibie?" Mama akauliza kwa matumaini.

Mwalimu akavaa miwani, akanyoosha mkono uliokuwa na simu, akasoma kama alivyokuwa akisoma insha za waliofeli, polepole, bila huruma:

"'Dada, umefika. Hapa hatukuulizi miezi mingapi. Tunayo magauni yanayoficha tumbo la miezi miwili hadi saba, na mshonaji asiye na mdomo.'"



"Mshonaji asiye na mdomo ni nani?" Mama akauliza.

"Ni wewe," Mwalimu akamjibu.

"Mimi?"

"Hata mimi nimeshangaa."

Mama akaziweka pini mezani. "Mwalimu, hayo si maneno yangu. Huo ni mkono wa muuza mayai. Tangu afunge duka lake la shela hanitazami usoni."

"Muuza mayai nimemfundisha," Mwalimu akasema. "Alikuwa akiandika mistari miwili, analala. Huyu aliyeandika hapa namjua pia." Akainamisha kichwa, akanitazama juu ya miwani. "Niliwapa insha ya mwizi aliyekamatwa sokoni. Darasa zima likamfunga. Mmoja akaandika kwamba mwizi hajala tangu jana, apewe maji kwanza."

"Ni mimi, Mama," nikaliambia zulia.

"Sema nisikie."

"Ni mimi."

Nimewahi kuachishwa kazi kwa tangazo lililobandikwa kwenye tairi. Nimewahi kuachwa na mchumba kwa ujumbe ulioanza na "Habari za siku". Lakini sijawahi kuona uso kama ule wa Mama.

"Miaka ishirini na miwili," akasema. "Nimekataa neno 'rahisi' tu. Wewe ukaenda ukaandika 'tumbo'."

"Ndilo wanalotafuta, Mama."

"Nani anatafuta tumbo?"

Niliiweka kompyuta juu ya kitambaa cha hariri, jambo ambalo siku nyingine lingenitoa machozi, nikamwonyesha mstari unaopanda. Hawa waliingia kupitia ukurasa huu. Hawa walipiga simu kutoka ukurasa huu. Hawa walikuja.

"Wale mabibi harusi kumi na wanne?"

"Wote."

"Na yule mwenye mashavu, niliyemsifu anakula vizuri?"

"Miezi sita."

Mama akavuta kiti, akakaa. Akamtazama Bibie mgongoni kwa muda mrefu, kama mtu aliyetapeliwa na ndugu.

"Kwa hiyo si yeye."

"Si yeye, Mama."

"Na nilimgeuza mwenyewe."

Mwalimu alikohoa. "Mkimaliza kuomboleza sanamu, nina harusi Jumamosi."

Akaeleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo nilivyozidi kunywea. Bwana harusi alikuwa kazini mbali kwa miezi mitano, amerudi juzijuzi. Kwa hiyo upande wa pili hawakuuliza miezi mingapi tu. Waliuliza pia ya nani. Walikaa kikao, watu saba, na mmoja alikuwa na kalamu.

"Si umpeleke akapimwe?" Mama akasema.

"Nimempeleka asubuhi hii. Cheti hiki hapa. Hana kitu."

"Basi."

"Wamesema kimetoka maabara anakofanya kazi."

Mama akafikiri. "Wana akili," akakiri.

"Na yeye mwenyewe? Walipomuuliza, alijibu nini?" Mama akauliza.

"Alinyamaza," Mwalimu akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikashuka. "Mtoto wangu ana haya. Hajawahi kuulizwa jambo kama lile mbele ya watu. Alinyamaza, wakachukua kimya chake wakakigeuza jibu."

Moyo uliniuma kwa ajili yake. Hakuna anayejua kunyamaza vibaya kuliko mimi. Nikainua macho nimwombe radhi hata kwa kumtazama. Lakini uso wake haukuwa na aibu. Ulikuwa uso wa mtu aliyekaa kwenye foleni ya benki na namba yake inakaribia kuitwa. Nikadhani ni mshtuko.

"Shangazi mtu ametoa sharti," Mwalimu akaendelea. "Saa sita kamili atafungua tena simu. Akute kitu hicho hakipo. Kisha atanipigia, na wewe Mama Shela useme kwa mdomo wako, kama unao, kwamba kiliwekwa kwa makosa na dukani kwako hajawahi kuingia mwenye tumbo. Hapo harusi ipo. Akikikuta bado, harusi hakuna, na magauni yako yote saba yanarudi leo."

Saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasoro dakika ishirini.

"Tukifuta tunarudi ukurasa wa nne," nilisema. Sijui nilipata wapi ujasiri, labda kwa kuwa nilikuwa nimeshaharibu kila kitu.

"Na tusipofuta?" Mama akauliza.

"Mwalimu anarudisha magauni."

"Na nitaeleza kwa nini," Mwalimu akaongeza. "Sitanong'ona."

Hapo simu ya duka ikalia. Mama akaipokea kwa mazoea.

"Haloo. Ndiyo, duka la magauni." Akasikiliza. Macho yake yakaenda kwa Mwalimu, yakarudi. "Ndiyo, ndipo hapa." Akasikiliza tena. Sauti ya upande wa pili ilikuwa ndogo, inakwenda mbio, kisha ikakatika kwa kilio. "Usilie, mwanangu. Zipu si kitu, zipu tunaitoa kabisa, tunaweka kamba mgongoni, inapendeza hata zaidi. Hapana. Hapana, hatuulizi. Njoo kesho."

Akaweka simu chini.

"Yaani unaendelea?" Mwalimu akamuuliza. "Mbele yangu?"

"Ni mteja tu, Mwalimu."

"Ana miezi mingapi?"

"Sikuuliza," Mama akasema, kwa heshima zote.

Kama si hali yenyewe, ningemkumbatia. Lakini Mama alikwisha kuinuka. Alikwenda kwenye rafu, akashika gauni moja, akaliachia, akashika jingine. Namjua. Alikuwa akiwaza magauni saba, ukumbi wa watu mia nne, na funguo. Alikuwa pia akiwaza kwamba Mwalimu ndiye aliyekaa naye wiki nzima Baba alipotuacha, akampikia uji bila kumuuliza swali hata moja.

"Futa," akaniambia.

"Mama."

"Huyo wa simu nitamshonea. Akifika nitamshonea, hata bila mtandao wako. Lakini huyu ni Mwalimu. Jina la mtoto wake limechafuliwa na mkono wa nyumbani kwangu. Futa."

Nikafungua ukurasa. Nikausoma mara ya mwisho. Nilikuwa nimeandika chini kabisa: ukifika, mlango wa nyuma uko wazi, kengele yake haina sauti. Nikabonyeza pale pa kufuta, na kompyuta ikaniuliza: Una uhakika?

Katika chumba kile, ile mashine ndiyo pekee iliyotaka kujua maoni yangu.

"Bado unangoja nini?" Mwalimu akasema. "Saa sita kasoro dakika nne."

Nikapeleka kidole kwenye "Ndiyo".

"Usifute."

Wote tuligeuka. Yule binti alikuwa ameweka mfuko wa gauni juu ya kiti. Alikuwa amesimama mikono mitupu.

"Nyamaza, mama," Mwalimu akamwambia kwa upole. "Jambo linakwisha sasa hivi."

"Usifute, dada. Nakuomba. Ukifuta, nitaolewa Jumamosi."

"Ndiyo maana tunafuta," Mama akasema.

"Shangazi yake hakuutafuta ule ukurasa," binti akasema. "Hajui hata kuandika jina lake kwenye simu. Mimi ndiye niliyemtumia."

Mwalimu akavua miwani. "Umemtumia nini?"

"Ukurasa. Jana asubuhi, kwa namba asiyoijua. Nilijua atawaita wifi zake. Nilijua wataniuliza. Wakaniuliza, nikanyamaza, na walipoanza kupiga kelele nikapumua, Mama. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya posa, nikapumua."

"Unajua unachosema? Watu watasema una mimba."

"Waseme. Miezi tisa itapita, wataona wenyewe."

Simu ya Mwalimu ikaanza kulia mkononi mwake. Jina la shangazi lilikuwa likiwaka kwenye kioo, na ilikuwa bado dakika mbili kufika saa sita. Hakuipokea. Hakuikata. Aliishika tu, ikiendelea kulia, akimtazama mwanawe.

"Umenidanganya kwa kunyamaza," akasema.

"Nimejaribu kukwambia mara nyingi. Kila nikianza unanionyesha kadi za mwaliko."

"Basi niambie sasa."

Kidole changu kilikuwa bado juu ya kompyuta. Mama alikuwa ameshika mkono wa Bibie, nadhani bila kujua.

"Sina mimba, Mama," binti akamwambia Mwalimu. "Simtaki yule mwanamume. Sijawahi kumtaka. Wewe ndiye uliyemtaka."